Jicho la panya na uoni wa kati: shajara ya mradi, Mtwara

Mei, wiki ya kwanza

Tumekubaliana. Mimi wa kliniki ya macho, kaka yetu fundi sanifu wa maabara, na mwalimu wa baiolojia wa sekondari moja hapa Mtwara mjini, tutatengeneza sanduku la kufundishia. Ndani yake kutakuwa na slaidi za jicho la panya, picha kubwa za kubandika ukutani, kijitabu, na majaribio machache ambayo darasa linaweza kuyafanya kwa karatasi, rula na kamba. Mada ni moja tu: uoni wa kati, yaani ule tunaoutumia kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kumtambua mtu kwa sura. Swali la sanduku zima ni hili: jicho la panya linatufundisha nini kuhusu uoni huo, na linaishia wapi?

Kwa nini tujisumbue na swali hilo? Kwa sababu karibu kila habari njema ya matibabu ya retina, utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho, inayotufikia huku imeanzia kwa panya. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino anakuja kliniki, anatoa simu, ananionyesha habari ya panya vipofu walioona tena, anauliza: "Daktari, dawa hii itafika lini Mtwara?" Nataka awepo mtu wa kumjibu kwa ukweli, hata nisipokuwepo mimi. Na ili kumjibu kwa ukweli lazima uyajue macho mawili, la panya na la mwanawe.

Mei, katikati ya mwezi

Ukurasa wa jicho la binadamu umekamilika. Mwalimu ameufupisha vizuri, ila nimemwomba arudishe vipimo, kwa sababu bila vipimo mwanafunzi hataelewa jambo lenyewe ni dogo kiasi gani.

Nyuma ya jicho, kwenye retina, upande wa sikio kutoka pale neva ya macho inapotokea, kuna eneo liitwalo makula, upana wake kama milimita 5.5. Katikati ya makula kuna kishimo, fovea, cha milimita 1.5 hivi. Na chini kabisa ya kishimo hicho kuna kieneo cha kama theluthi ya milimita ambacho hakina rodi hata moja. Rodi ni seli za kuonea gizani. Koni ni za mwanga wa mchana, rangi na vitu vidogo vidogo. Jicho zima la mtu lina rodi kama milioni 92 na koni milioni 4.6 tu. Lakini pale chini ya kishimo koni zimebanana zenyewe, kiasi cha 200,000 kwa milimita moja ya mraba, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa.

Kishimo kimekuwa kishimo kwa sababu tabaka za juu za retina zimesogezwa pembeni. Mishipa ya damu nayo haipiti hapo. Kila koni ina karibu njia yake ya peke yake kuelekea ubongoni. Pembeni mwa retina ni tofauti kabisa: rodi nyingi huunganisha ishara zao kwenye seli moja, kama kijiji kizima kinachotumia simu moja. Simu hiyo itakwambia kijijini kuna kelele. Haitakwambia ni nani anayesema nini.

Panya hana kishimo. Si panya mdogo wa nyumbani, si panya mkubwa wa maabara, si panya wa shamba. Mwalimu aliposoma hapo akauliza swali ambalo najua darasa nalo litauliza: "Sasa kama hana, wanasayansi wanamtumia wa nini?"

Jibu langu limeingia kwenye kijitabu karibu kama nilivyolisema. Mwaka 1924 Clyde Keeler, akiwa mwanafunzi wa Harvard, alikuta panya wadogo ambao retina zao hazikuwa na rodi, na akaonyesha kwamba hali hiyo inarithiwa. Baadaye sana jeni yenyewe ilijulikana, na ikaonekana kwamba ikiharibika kwa binadamu nayo huleta upofu wa kurithi, ule unaoanza kwa mtu kutoona usiku. Kuna pia ukoo mmoja wa panya wakubwa ambao retina zao hufa mapema. Chini ya rodi na koni pana tabaka la seli nyeusi ambazo kazi yake mojawapo ni kumeza ncha chakavu za seli hizo. Kila siku kama sehemu moja ya kumi ya ncha ya rodi hung'oka na kumezwa, hasa asubuhi mwanga unapoingia. Kwa panya wa ukoo huo seli nyeusi zinashindwa kumeza. Mabaki yanarundikana, rodi zinakufa. Mwaka 2000 kosa lilipatikana kwenye jeni iitwayo MERTK, na mwaka huohuo likapatikana kwa wagonjwa binadamu. Tiba ya jeni nyingine ya upofu wa kurithi, RPE65, nayo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ilipita kwa panya na mbwa kabla ya kufika kwa watu.

Yote hayo ni mambo ambayo jicho la panya na la mtu huyafanya kwa namna moja: kupokea mwanga, kula mabaki, kurejesha kemikali ya kuonea. Hapo panya ni mwalimu wa kuaminika. Sipendi watu wanaomdharau kwa sababu tu ni panya.

Juni, baada ya mavuno

Panya wenyewe wamepatikana. Tulishaamua tangu mwanzo kwamba hatutamuua mnyama yeyote kwa ajili ya sanduku. Huu ndio msimu ambao mahindi yameshatoka shambani, vijana wanasafisha mashamba na kutega, na panya wanaokamatwa wangekufa tu, tuje tusije. Tulikwenda kijiji kimoja upande wa Tandahimba, kwa mzee ambaye shamba lake la mikorosho lina mihogo katikati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Nimeambiwa mnataka macho tu. Panya wenyewe mnaacha?"

"Macho tu, mzee. Na tunaomba yatolewe papo hapo, kabla panya hajakaa juani."

Akaridhika haraka, maana huku panya wa shamba ni kitoweo na hakuna aliyependa kusikia kwamba tutaondoka nao. Akatutengea kivuli chini ya mwembe na meza.

Wanafunzi hatukuwachukua. Nilisisitiza na mwalimu akakubali. Julai 2022 Ruangwa, mkoani Lindi, watu 20 waliugua na watatu wakafariki kabla Wizara ya Afya haijatangaza kwamba ni homa ya mgunda, ugonjwa unaosambazwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Hilo halijasahaulika Kusini, na halipaswi kusahaulika. Kwa hiyo kanuni ya mradi ni hii: panya anashikwa na watu wazima wenye glavu mbilimbili, miwani ya kujikinga na maji ya klorini pembeni. Mwanafunzi anakutana na jicho likiwa limeshakaa kwenye dawa, au likiwa slaidi. Mzee na vijana wake nao tuliwaachia boksi la glavu, tukazungumza nao kuhusu kuchuna panya ukiwa na kidonda mkononi na kuhusu kuipika nyama ikaiva hasa.

Kuhusu dawa ya kuhifadhia: formalini peke yake huifanya retina ijivue na kujikunja ndani ya jicho, ukikata slaidi unaona mikunjo isiyokuwepo jicho likiwa hai. Fundi wetu alitengeneza mchanganyiko wa Davidson, wenye formalini, alkoholi, asidi ya asetiki na maji, ambao unaishikilia retina mahali pake. Jicho moja tuliliweka kwenye formalini tupu kwa makusudi, darasa lione tofauti. Kila jicho tulilitia alama ya wino upande wa juu kabla ya kulitoa. Jicho likishatoka bila alama, huwezi tena kujua juu ni wapi na upande wa pua ni upi.

Jicho moja nililifungua palepale, likiwa bichi. Nataka kuandika nilichokiona, kwa sababu picha za vitabuni hazikionyeshi. Nilikata kwa mkasi mdogo kuzunguka konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Lenzi ikatoka yenyewe. Ni ya mviringo kabisa, angavu, na imejaza sehemu kubwa ya jicho. Ya mtu ni bapa na inachukua nafasi ndogo. Nikaiweka juu ya kipande cha gazeti: herufi iliyokuwa chini yake ikavimba. Nikaiinua kidogo kwa kibanio: herufi ikapinduka, miguu juu. Ndani ya kikombe cha jicho kilichobaki, retina ilikuwa utando mweupe unaopitisha mwanga, mwepesi kiasi kwamba tone la maji lilitosha kuuinua. Uliachana na ule weusi wa chini bila ubishi, ukabaki umeshikiliwa mahali pamoja tu, pale neva inapotokea. Kijana mmoja aliyekuwa ananishikia tochi akasema, "Kumbe cha kuonea ni hicho kingozi?" Ndicho hicho.

Lenzi kubwa ya mviringo ni jicho la mnyama wa usiku: inakusanya mwanga mwingi. Wengi wa panya tuliowapata ni Mastomys natalensis, panya wa shamba ambaye kila mkulima wa mahindi Tanzania anamjua kwa hasara zake, na matembezi yake ni ya usiku.

Juni, mwishoni

Slaidi za kwanza zimetoka. Fundi amezizamisha kwenye nta, amekata vipande vya unene wa mikromita 5 na kuvipaka rangi za hematoksilini na eosini. Zambarau kwenye viini, waridi kwingine. Nimekaa nazo kwenye hadubini jioni nzima.

Nilianza ukingoni na kusogeza taratibu mpaka ukingo wa pili. Tabaka ni zilezile za mtu, kwa mpangilio uleule, na hilo peke yake linastahili ukurasa: mwanafunzi akijifunza tabaka za retina kwa panya, amejifunza na zake. Viini vya seli za kupokea mwanga vimepangana safu juu ya safu, karibu kumi. Katikati tabaka zinanenepa kidogo, ukingoni zinapungua, na baina yake hakuna mahali zinapozama. Unapita kwenye neva, unaendelea, tabaka zinakwenda vilevile. Nimemwomba fundi akate jicho jingine lote mfululizo, kipande baada ya kipande, ili mtu asije kusema kishimo kilirukwa.

Ukikuza zaidi unaona jambo la kupendeza sana. Kwenye viini vya rodi, rangi nzito imekusanyika katikati, pembeni ni hafifu. Kwa wanyama wa mchana ni kinyume, nzito iko pembeni. Irina Solovei na wenzake walieleza hili mwaka 2009: kwa wanyama wa usiku kiini cha rodi kimepinduliwa, na kwa kupinduliwa huko kila kiini kinafanya kazi ya lenzi ndogo inayoelekeza mwanga kwenye rodi badala ya kuutawanya. Picha hii itakuwa kubwa kuliko zote ukutani.

Koni zinaonekana, lakini za kutafuta. Kwa panya mdogo wa maabara hesabu inajulikana vizuri: kati ya kila seli 100 za kupokea mwanga, koni ni 3 tu.

Sikutaka kuishia kwenye kusema panya hana makula, basi yaishe. Kuna kazi iliyochapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la kisayansi la PLoS ONE iliyofanya ninachotaka darasa lijifunze kufanya: ililinganisha kwa vipimo sehemu ya kati ya retina ya panya mdogo na makula ya mtu. Ilikuta kwamba kwa panya nako kati kumebanana kuliko pembeni, ingawa tofauti hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu. Ilikuta pia kwamba mzigo wa kumeza mabaki zilizonao zile seli nyeusi ni mkubwa zaidi kwa panya. Na kwenye nusu ya nje ya makula ya mtu, uwiano wa rodi na koni unafanana na wa panya. Sasa, ugonjwa wa makula wa uzeeni mara nyingi huanza kujionyesha kwenye sehemu hiyo ya nje, kabla ya kufika katikati. Kwa hiyo mtu anayechunguza seli nyeusi zinavyoelemewa ana haki ya kumtumia panya. Anayechunguza kwa nini bibi anashindwa kuisoma Kurani yake, yaani kifo cha koni za kishimoni zenyewe, panya anamfikisha ukingoni mwa kishimo na kumwacha hapo.

Ugonjwa wa Stargardt, ugonjwa wa makula wa kurithi, unaonyesha ukingo huo waziwazi. Jeni yake, ABCA4, ilijulikana mwaka 1997. Panya walioondolewa jeni hiyo hurundika mabaki yaleyale yanayorundikana kwa wagonjwa. Lakini mgonjwa hupoteza uoni wa kati akiwa bado kijana, na panya hao wenye rangi yao ya kawaida hawapati maangamizi ya namna hiyo.

Julai, shuleni

Majaribio ya kwanza na kidato cha tatu. Tuliyafanya kwenye varanda, mwanga wa asubuhi, kusi ikivuma na kutupeperushia karatasi.

La kwanza halina gharama yoyote. Kaza macho kwenye neno moja la gazeti, usiyasogeze, sasa jaribu kusoma neno la mwisho la mstari huohuo. Huwezi. Unajua lipo, unaona ni neno, herufi huzipati. Darasa lilipiga kelele. Wengi wanaishi wakidhani wanaona ukurasa mzima kwa usafi mmoja, kumbe sehemu safi ni ndogo: nyoosha mkono, ukucha wa kidole gumba unafunika kama digrii 2, na uoni wako bora unaenea humo ndani. Kwingine kote macho yanakimbia na kurudi bila wewe kujua.

La pili ni la mistari. Ukikaa sentimita 57 kutoka kwenye karatasi, kila sentimita ya karatasi ni digrii moja. Panya mdogo anatofautisha jozi nusu ya mistari, mweusi na mweupe, kwa digrii. Panya mkubwa mwenye rangi anafika jozi moja. Mtu mwenye uoni wa 6/6, yaani uoni wa kawaida, anatofautisha jozi 30. Kwenye karatasi maana yake ni hivi: kwa panya mdogo kila mstari uwe na upana wa sentimita nzima, na akipewa myembamba zaidi anaona kijivu tu. Kwa mtu jozi nzima ya mistari ni theluthi ya milimita, na printa ya duka la steshenari ilishindwa kuichapa bila kuichafua, ikabidi tuongeze umbali na kukuza mistari.

Halafu tukageukia kadi ya kupimia macho, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ya kliniki. Herufi ya 6/6 inayosomwa kutoka mita 6 ina urefu wa milimita 8.7. Uoni wa panya mdogo ni mara 60 chini ya hapo. Herufi yake ingekuwa ya sentimita 52. Wanafunzi waliichora E hiyo kwenye manila zilizounganishwa, wakaitundika mwisho wa varanda, na pembeni yake wakabandika ile ya milimita 8.7. Sikuhitaji kueleza zaidi. Mmoja akauliza panya anaishije na macho ya namna hiyo, na jibu likatoka kwa wenzake kabla yangu: sharubu, pua, masikio, na usiku hakuna kinachosomwa.

Hapohapo nikaongeza jambo ambalo linanivutia mimi mwenyewe. Panya si kwamba hana kabisa upande anaoupendelea. Tafiti za mwaka 2021, zilizotumia kamera ndogo zilizofungwa kichwani mwa panya wanaowinda nyenje, zilionyesha kwamba wanamshikilia mdudu kwenye eneo maalumu la uoni, mbele. Mwaka huohuo ikachapishwa kazi nyingine iliyoonyesha kwamba ubongo wa panya mdogo una sehemu inayoona mbele kwa umakini zaidi. Ni uoni wa kati wa aina yake, bila kishimo. Anayetaka kujua ubongo unavyoyaelekeza macho kwenye kitu ana la kujifunza hapo.

Julai, mwishoni

Wanyama wa mchana. Wanafunzi wenyewe ndio waliolileta: kindi anayekula embe mchana kweupe, naye hana?

Kindi ni jamii ya panya, na hana kishimo. Ila retina yake iko karibu nasi kwa njia nyingine. Kindi wa ardhini wa Marekani mwenye mistari 13, anayetumika sana maabara, ana koni kama 85 kwa kila seli 100, zikiwa zimebanana zaidi kwenye ukanda wa mlalo. Na kuna panya wa nyasini wa Afrika, Arvicanthis, wa mchana, ambaye karibu theluthi ya seli zake za kupokea mwanga ni koni. Watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, wamekuwa wakimtumia kwa sababu hiyohiyo. Nilipenda sana darasa lisikie hili. Mnyama wa nyasi zetu anayefukuzwa kwa fimbo anasaidia watu kuelewa koni zinavyokufa.

Mwenye kishimo ni nani basi? Nyani na ngedere wanacho. Kinyonga anacho, kirefu. Mdiria anayevizia samaki mikokoni Mikindani ana viwili kwa kila jicho, na ndege wengi wawindaji vilevile. Komba mdogo wa Rondo, kule Lindi, ni jamaa wa nyani lakini ni wa usiku, na komba hawana kishimo kilichokamilika. Kwa hiyo si undugu peke yake unaoamua, maisha ya mnyama nayo yana neno. Ngedere ndiye angetufaa zaidi kwa jicho, lakini kumfuga kwa utafiti ni gharama kubwa na kuna maswali ya haki za mnyama ambayo sitayapita juujuu mbele ya watoto. Tumeyatengea kipindi chake.

Agosti

Ukurasa wa ualbino. Ndio uliochukua muda kuliko kurasa zote, na ndio ulionifanya nitake mradi huu.

Makadirio yanayotajwa sana kwa Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino kwa kila watu 1,400. Darasani wanakaa mbele, wanainamia daftari mpaka pua inagusa, macho yanachezacheza, na mwalimu asiyejua anadhani miwani mizuri ingemaliza yote. Miwani inasaidia, hasa ikiwa pana tatizo la kulenga mwanga, lakini hailifikii tatizo kubwa zaidi. Kwa mtoto mwenye melanini ya kutosha, ile rangi ya ngozi, nywele na macho, kishimo huanza kuchongeka tumboni mwa mama karibu wiki ya 25 na huendelea kukomaa miaka kadhaa baada ya kuzaliwa: tabaka zinasogea pembeni, koni zinasogea katikati na kubanana. Kwa mwenye ualbino kazi hiyo haikamiliki, wakati mwingine haianzi. Kwenye picha ya OCT, yaani kipimo cha mwanga kinachoonyesha tabaka za retina ya jicho hai, mahali pa bonde unaona tambarare.

Sasa weka panya pembeni yake. Panya mweupe wa maabara ana ualbino wa kweli, hana melanini, na uoni wake ni hafifu kuliko wa panya mwenye rangi. Mtu anaweza kudhani ndiye mfano kamili. Lakini mweupe hana kishimo na mweusi hana kishimo. Huwezi kuchunguza kukosekana kwa kitu kwa mnyama ambaye hata mzima wake hanacho. Kwa nini melanini ikikosekana kishimo hakichongeki? Swali hilo panya hawezi kulijibu, hata akitibiwa akarudi kuwa mweusi tii. Hiki ndicho ninachotaka mzazi wa mtoto ajue anaponionyesha simu.

Na panya huyohuyo mweupe ametufundisha jambo jingine la ualbino ambalo tungechelewa kulijua. Mwaka 1965 Raymond Lund alilinganisha panya weupe na wenye rangi, akakuta kwamba kwa weupe nyuzi za neva ya macho zinazobaki upande uleule wa jicho zilikotoka ni chache kuliko kawaida. Nyingi zinavuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Miaka ya 1970 ikaonekana kwamba kwa binadamu wenye ualbino ni vivyo hivyo. Ndiyo sababu mojawapo ya wengi wao kukosa kupima kina kwa macho mawili. Hata hapo kuna mpaka: kwa mtu wa kawaida karibu nusu ya nyuzi huvuka, kwa panya wa kawaida ni zaidi ya 90 kwa kila 100. Alama tumeiona kwa panya, ukubwa wake tumeupima kwa mtu.

Tuliusoma ukurasa huu na mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye ualbino, kwa ruhusa ya mama yake, kabla ya darasa zima. Alisoma kwa lenzi ya kukuzia, taratibu, mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo daktari, miwani haitanichongea kishimo?" Nikamwambia hapana, na hakuna dawa leo inayofanya hivyo. Akauliza tena kama panya weupe wanaumizwa na jua. Nikamwambia retina zao huharibika kwa mwanga mkali hata wa taa za maabara, na watafiti wanalijua hilo. Akaniomba niliandike, na wenzake waelewe kofia yake ya ukingo mpana si ya urembo. Limeandikwa, kwa maneno yake.

Septemba

Mwalimu amefundisha kutoka kwenye sanduku vipindi vyote bila mimi kuwepo, na hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Maoni yake: slaidi za mfululizo ziwe na picha ya pamoja, kwa sababu hadubini ya shule ni moja na foleni inakula kipindi. Fundi anaunganisha picha sasa. Pia ameomba karatasi ya walimu wa masomo mengine, isiyo na biolojia nyingi: mwenye uoni hafifu akae mbele, mgongo kwa dirisha, chaki nyeupe nene kwenye ubao uliofutwa vizuri, soma kwa sauti unachoandika, maandishi makubwa kwenye mitihani, darubini ndogo ya mkononi inapopatikana. Nimeiandika. Inajitosheleza kwa upande mmoja wa karatasi na itabandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku, mtu aione kabla hajafika kwenye panya.

Bado hatuna slaidi ya panya wa mchana. Mzee wa Tandahimba ametuma ujumbe kwamba kuna mmoja mwenye mstari mweusi mgongoni anayepita kwenye nyasi za pembeni mwa shamba asubuhi jua likiwa limeshapanda, na vijana wake wamewahi kumkamata. Korosho zinaanza kudondoka, mashamba yanafyekwa chini ya mikorosho, kwa hiyo ndio wakati wake. Davidson ya kutosha ipo. Akipatikana, slaidi yake itakaa kati ya ile ya Mastomys na picha ya OCT ya jicho la mtu, na kazi ya kwanza ya darasa itakuwa kuhesabu koni.